Bolti Iliyokazwa Bila Grisi

Msomaji mpenzi, kama hujawahi kulala chali chini ya Land Rover saa sita ya mchana, mchanga ukikuingia kwenye kola na vumbi la kutu likikudondokea machoni, basi haya nitakayoyasimulia utaniamini kwa hisani tu. Mimi nimelala hapo siku tano. Nilichokuwa nikikitafuta ni kitu kidogo, kinene kama kidole gumba. Bolti moja.

Lakini kwanza nijieleze, maana najua wengine mtauliza: hii ni insha ya historia au ni mambo ya gereji? Nilimaliza kidato cha nne miaka sita iliyopita. Matokeo yangu tuyaache yalale. Tangu hapo nimekuwa mtu wa daftari. Mchana namsaidia mama biashara ya nazi hapa Pangani, usiku naandika riwaya ambayo kila ikifika sura ya nne inagoma. Wenzangu wa jarida hili waliponiambia nilete insha ya historia, nilikusudia kuandika juu ya vita na masultani, kama tulivyosomeshwa. Wiki ileile springi ya gari letu ikavunjika. Basi masultani wakasubiri.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, wazi nyuma. Alituachia babu, mzaa mama, Mungu amrehemu. Ndilo linalobeba nazi kutoka mashambani, na ndilo lililonilipia ada. Siku ya Jumapili tulikuwa tunatoka upande wa Mwera na mzigo. Kwenye shimo moja tukasikia mlio, kwaa! Gari likainama nyuma kulia kama mtu aliyeteguka nyonga. Nikatazama: jani kuu la springi limekatika.

Mjomba alikuja jioni. Akalizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni, kisha akasema, "Dada, hicho ni chuma. Kiuze kwa kilo. Jumamosi yule mnunuzi wa chuma chakavu anapita, nitamleta."

Mama hakujibu upesi. Alinitazama mimi. "Wewe unaweza?"

"Naweza," nikasema. Sijui nilitoa wapi ujasiri.

"Nakupa mpaka Ijumaa magharibi."

Springi nyingine ilipatikana Tanga mjini siku ya Jumatatu asubuhi, ya kutoa kwenye gari bovu. Kazi ikawa kufungua ya zamani na kufunga hiyo.

Sasa nikueleze ilivyo, ili twende pamoja. Springi ya gari lile ni majani ya chuma yaliyolaliana, la juu refu, ya chini yake yanazidi kuwa mafupi. Ncha ya mbele imefungwa kwenye chasisi kwa bolti moja. Ncha ya nyuma inaning'inia kwa vibamba viwili vya chuma, kimoja ndani kimoja nje, ili springi inapojinyoosha kwenye mashimo ipate pa kuendea. Kila ncha ya jani kuu imekunjwa ikawa jicho, na ndani ya jicho mna bushi: bomba la chuma nje, raba katikati, na bomba jingine dogo ndani. Bolti hupita katika hilo bomba dogo. Ukiitoa bolti, springi iko huru. Ni kazi ya nusu saa, au ndivyo nilivyodhani.

Bolti ya mbele ilitoka kwa tabu ya kawaida. Ya nyuma, ile ya chini ya vibamba, ikakataa. Niliondoa nati yake, nikashika nyundo ya ratili nne, nikaanza kupiga. Nilipiga mpaka majirani wakatoka kuona kulikoni. Ncha ya bolti ikachanua kama uyoga, lakini haikuingia ndani hata unene wa ukucha. Nikabadili mbinu. Nikatia spana kichwani, nikachomeka bomba refu kwenye spana, nikavuta kwa uzito wangu wote. Ikazunguka! Nilipiga ukelele wa furaha. Nilipoachia bomba, bolti ikarudi yenyewe pale ilipokuwa, taratibu, kama mtu anayegeuka upande wa pili usingizini.

Alasiri hiyo ndipo alipopita mzee mmoja jirani, fundi wa siku nyingi ambaye sasa macho hayamsaidii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekusikia tangu asubuhi. Umepiga nyundo ngapi?"

"Nyingi, mzee."

"Na umeuliza maswali mangapi?"

Nikanyamaza. Akainama, akapapasa kibamba cha ndani kwa vidole. "Hiki kina hesi, mjukuu wangu," akasema. Hesi ni ile mistari ya msokoto inayoishika bolti. "Cha nje tundu lake laini, cha ndani kina hesi. Bolti hii inafunguliwa kama parafujo, nati ni ya kuifungia tu isilegee. Wewe unaipiga nyundo na huku imejisokota. Ungepiga mpaka Idi. Na hiyo iliyokuwa ikikurudia si bolti, ni raba. Bolti imeshikana na bomba lake dogo, zimekuwa kitu kimoja. Ukizungusha unaikaba raba, ukiachia raba inajinyoosha."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza chukua tupa uuondoe huo uyoga wako, maana hautapita kwenye hesi. Halafu uliza. Bolti iliyogoma usiiguse kabla hujajua ilikazwa lini, ilikazwa na nani, na huyo aliyeikaza alikuwa na nini mkononi siku hiyo."

Akaenda zake na fimbo yake. Mimi nikabaki na tupa. Nilisugua siku nzima ya Jumanne, na kwa kuwa kusugua hakuhitaji akili nyingi, nilipata nafasi ya kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata, mengine katika vitabu, mengine kwa wazee, mengine katika kaunta buku la babu.

Tuanze na gari. Land Rover ni mtoto wa shida. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilishinda lakini ilikuwa hoi. Chuma cha pua kilikuwa kwa mgawo, na kiwanda kilichotaka kingi kilitakiwa kuuza bidhaa zake nje. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na humo akitumia jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Mwaka 1947 akaanza kuunda gari la shamba la kwao wenyewe. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, mwili akaufanya wa aluminiamu, ambayo wakati huo ilikuwa rahisi kupatikana. Chasisi ndiyo iliyobaki ya chuma, na vivyo hivyo springi na bolti zake. Gari likaoneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948.

Unaona jambo hilo? Ngozi ya gari haishiki kutu, mifupa inashika. Ndiyo maana Land Rover ya miaka arobaini ukiitazama kwa mbali unasema bado kijana. Ingia chini yake uone.

Sasa bolti. Zamani kila karakana ilikata hesi zake kwa kipimo chake. Bolti ya karakana hii haikuingia kwenye nati ya karakana ile. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana mbalimbali, akazipima, akatoa kipimo kimoja cha wastani, hesi yenye pembe ya nyuzi 55. Uingereza ikakifuata. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers wa Philadelphia akaja na kipimo chake, nyuzi 60, na Marekani ikakifuata hicho. Vita Kuu ya Pili ilipofika, mataifa hayo mawili yalipigana upande mmoja lakini bolti zao haziingiliani. Shida ilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 18 Novemba 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini mjini Washington kutumia hesi moja ya inchi. Mwaka uleule wa Land Rover! Series za mwanzo zilifungwa kwa hesi za Kiingereza cha zamani, na hii yetu ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, ina nyingi za huo mkataba.

Jambo hili lilinigusa mimi hasa, maana nilikuwa natumia spana ya milimita. Siku hizi karibu kila sanduku la spana hapa mtaani ni la milimita, kwa sababu ya magari ya Kijapani. Kichwa cha bolti yangu kilikuwa cha inchi 13/16. Piga hesabu: ni milimita 20.6. Spana ya 21 inaingia, lakini inacheza. Ukivuta kwa bomba inalamba kona za kichwa, na kona zikishalambwa, umekwisha. Nilitazama bolti yangu nikaona kona mbili zimeshaanza kuwa mviringo. Nikaenda kuazima spana ya inchi kwa yule mzee. Alinipa bila neno, lakini alicheka.

Tatu, kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na maji yenye chumvi huharakisha kazi hiyo. Sisi wa Pangani tunavuta hewa ya chumvi usiku na mchana. Na kutu ina tabia moja mbaya: huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila. Mahali pa wazi hilo si neno, itabanduka na kuanguka. Lakini ndani ya bomba jembamba, ambamo bolti imeingia kwa kubana, haina pa kwenda. Basi inajishindilia, mwaka baada ya mwaka.

Magari ya zamani zaidi hayakuwa na shida hii sana, kwani bushi zao zilikuwa za shaba, zenye vijitundu vya kutilia grisi kila mara. Kuanzia miaka ya 1920 bushi za raba zikaanza kuenea. Raba haitaki grisi. Madereva wakapumua, wakasahau kwamba ndani ya raba mna bolti, na bolti inataka kupakwa grisi angalau siku ile moja inapofungwa.

Je, yetu ilipakwa? Hapo ndipo nilipomwendea babu.

Babu alikuwa dereva wa shamba moja la mkonge. Mkonge wenyewe ulianzia hapahapa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika hai ikawa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 likazaliwa zao lililolisha nchi. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashamba mengi yalitaifishwa. Huku kamba za plastiki zilikuwa zimekwisha ingia katika soko la dunia, na bei ya mkonge ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima hayakufika hata tani 40,000.

Babu alikabidhiwa Land Rover hii ikiwa mpya, mwaka 1976. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na tukapigana mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni zikaisha, na spea zikaisha pamoja nazo. Wazee wakiisimulia miaka hiyo husimulia foleni za sabuni na sukari. Babu alikuwa akisimulia bushi.

Kila Jumapili alikuwa chini ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jumapili baada ya saa nane mchana magari yalizuiwa kutembea, ili kuokoa petroli, na yeye akasema mchana huo ndio Serikali iliompa wa kutengeneza. Kila alichokifanya alikiandika katika kaunta buku lenye jalada la bluu. Kilomita, mafuta, tairi, kila kitu. Mama amelihifadhi sandukuni pamoja na shuka zake nzuri.

Usiku wa Jumanne nilikaa na kibatari, umeme ulikuwa umekatika, nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Nikaupata. Nanakili kama ulivyo:

"Jumapili 12 Juni 1983. Bushi za nyuma kulia nimebadili, za kutoa kwenye gari bovu. Bolti za zamani nimezirudisha. Grisi hakuna. Nimekaza hivyohivyo. Atakayekuja kufungua anisamehe."

Msomaji, nilisoma mstari ule wa mwisho mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Mimi nilikuwa bado miaka mingi kuzaliwa. Mama mwenyewe alikuwa msichana wa shule. Na babu tayari alikuwa ananiomba radhi.

Nikamuuliza mama, mbona babu hakununua hata kikopo cha grisi kwa mlango wa nyuma, kama watu walivyofanya? Mama akaweka kifuu chini. "Mwaka themanini na tatu? Wewe hujui. Ule ulikuwa mwaka wa wahujumu uchumi." Ndiyo. Machi 1983 ndipo msako wa walanguzi ulipoanza, akiongoza Waziri Mkuu Edward Sokoine. Wako wengi walioushangilia, kwa maana walanguzi walikuwa wamewakaba watu. Lakini hofu iliingia hata kwa wasiokuwa na hatia. Watu walitupa bidhaa usiku, wengine baharini, wengine vichakani, wasikutwe nazo. Dereva wa shamba la umma angejieleza vipi na kopo la grisi lisilo na stakabadhi? Babu alichagua kukaza bolti kavu, akalala usingizi wake.

Mambo yalilegezwa baadaye. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 Rais Mwinyi akaingia, watu wakamwita Mzee Ruksa. Grisi ikarudi madukani. Mwaka 1986 shamba likauza magari yake mabovu kwa mnada, na babu, ambaye kiinua mgongo chake kilikuwa hakijulikani kitatoka lini, akauza ng'ombe wawili akalinunua hili. Lakini bolti ile hakuifungua tena. Kwa nini aifungue? Ilikuwa inafanya kazi.

Basi Jumatano asubuhi nililala chini ya gari nikiwa mtu mwingine. Nilijua ninashindana na nini: kutu ya miaka zaidi ya arobaini ambayo haijawahi kuonja grisi. Nikasugua ncha zote kwa brashi ya waya. Nikachanganya dizeli na mafuta ya breki, nikatia kwa kudondosha, pande zote mbili, asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila baada ya kutia nikawa nagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, taratibu tu, ili mtikisiko uyafungulie mafuta njia. Mjomba alipopita akauliza kama ninampigia bolti ngoma.

Alhamisi nikamleta kijana wa gesi. Moto wa gesi mbili, oksijeni na asetilini, ulianza kutumika Ufaransa mwaka 1903, kazi ya Edmond Fouché na Charles Picard, na tangu hapo mafundi wameutumia kusuluhisha chuma na chuma. Siri yake ni ndogo. Chuma kikipata joto hutanuka, na tundu lililomo ndani yake hutanuka pia. Si sana: tundu la milimita 20 ukilipasha kwa nyuzi 300 linaongezeka chini ya sehemu ya kumi ya milimita moja. Lakini kutu ngumu haipendi kusogezwa hata kidogo. Inapasuka.

Tulitoa betri, tukaweka ndoo mbili za mchanga, na tangi la mafuta, ambalo kwenye gari hili liko chini ya kiti, tulihakikisha liko mbali na moto. Nawaambieni wenzangu mtakaojaribu, hili si la mzaha. Akapasha kibamba cha ndani mpaka kikabadilika rangi. Raba ikaanza kutoa moshi mweusi unaokereketa koo. "Sasa!" akasema. Nikavuta spana ya inchi. Kwanza hakuna. Kisha nikasikia mlio mkavu, kama fimbo ya muhogo inapovunjika, na hesi ikaachia. Robo, nusu. Halafu ikakwama tena. Hesi ilikuwa imesalimu amri, lakini ndani ya bushi bolti na bomba lake dogo zilikuwa bado kitu kimoja. Tulipasha mara tatu. Kijana wa gesi akatikisa kichwa, akachukua pesa yake.

Ikabaki njia moja, nayo ni msumeno wa chuma. Kati ya kibamba na bushi kuna nafasi finyu, wembe wa msumeno unapita. Ukikata bolti upande huu na upande huu, springi inaanguka na kipande cha bolti ndani yake. Nilijua tangu Jumatano kwamba huenda ikafika huko. Yule mzee alishaniambia. Lakini sikutaka. Kwangu ilikuwa kama kukata mkono wa babu. Alhamisi jioni nilikaa kwenye tairi, msumeno mapajani, sikufanya kitu. Mama akanitoka nyuma.

"Umekwama?"

"Nikiikata, mama, ndiyo basi. Aliikaza kwa mkono wake."

Akacheka kidogo. "Baba yangu aliandika nini pale? Kwamba umwekee ukumbusho, au kwamba umfungulie?"

Ijumaa alfajiri nikaanza kukata. Nyembe nne zilikatika meno. Kata ya kwanza ilimalizika saa nne, ya pili saa nane, mikono imetoka malengelenge. Springi ikaanguka mchangani kwa kishindo. Kile kipande kilichobaki kwenye kibamba cha ndani nilikisokota kwa koleo, kikatoka kama kizibo cha chupa, kwa kuwa hesi yake ilishaachia kwa moto. Springi mpya ikapanda na bushi mpya na bolti mpya. Adhana ya magharibi ilipotolewa nilikuwa nakaza nati ya mwisho, gari likiwa limeshuka kwenye magurudumu yake kama inavyotakiwa, ili raba isikazwe ikiwa imejipinda. Na grisi? Nilipaka nyingi mpaka ikamwagika. Nilipaka yangu na ya babu.

Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu alikuja na mizani yake. Akaondoka na springi ya zamani tu, bila jicho la nyuma, maana hilo nilishalikata nikalificha. Mjomba hakusema kitu. Alipanda nyuma ya gari akarukaruka mara mbili, akashuka, akaomba chai.

Lile jicho nililibana kwenye jiliwa ya yule mzee, nikalipasua bomba dogo kwa msumeno na tindo mpaka likafunguka kama ganda. Ndani bolti ilikuwa kavu, ya kahawia, imejaa makovu. Hapakuwa na hata alama ya grisi. Babu aliandika kweli. Nimesoma vitabu vya historia ambavyo sina hakika navyo kama nilivyo na hakika na mstari ule mmoja, kwa sababu huu nimeupima kwa msumeno.

Shuleni tulikariri Azimio, vita vya Kagera na hali ngumu ya uchumi kwa ajili ya mtihani, tukajaza karatasi, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba mambo yale hayakuondoka. Yameingia kwenye vitu vya nyumbani yakatulia: kwenye bolti, kwenye mlango usiofunga vizuri, kwenye tabia ya bibi kuficha sabuni hata leo. Mtoto wa leo anakuta kitu kimegoma, anadhani ni ubovu wa kitu au uzembe wa mzee, anashika nyundo. Mimi nilishika nyundo. Uyoga niliouondoa kwa tupa siku nzima ni ushahidi wangu.

Nimeanza kaunta buku langu. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe, ukubwa wa spana, na kwamba bolti zimepakwa grisi, ya kutosha. Atakayekuja kufungua, na awe na kazi nyepesi. Na ile riwaya iliyogoma sura ya nne nimeirudia pia. Nadhani nilikuwa naipiga nyundo kabla ya kuuliza nani aliikaza.